Tulikwisha Kumlilia

Siku Baba Mkubwa aliporudi Kambove, jina lake lilikuwa na mtu mwingine.

Ilikuwa Septemba 1997, mwisho wa kiangazi, vumbi jekundu limekaa juu ya kila kitu. Lori la makala, makaa ya kupikia, lililotoka Likasi lilimshusha kando ya reli. Alikuwa na mfuko wa turubai, koti la jeshi lililong'olewa nembo, na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Alitembea moja kwa moja mpaka nyumba ya dada yake mkubwa, Shangazi yangu, katika zile nyumba za matofali ambazo kampuni ya migodi iliwajengea wafanyakazi wake tangu enzi za Wabelgiji, akasimama uani bila kupiga hodi. Mvulana wa miaka kumi na miwili alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Mgeni akamwuliza jina. Mvulana akalitaja, na mgeni akakaa chini hapohapo vumbini, kwa sababu jina alilolisikia lilikuwa lake.

Kwetu Katanga mtoto hupewa jina la marehemu ili marehemu asipotee, na wawili hao huwa majina, kama watu wa pwani wanavyosema somo. Ukoo wetu ulimlilia Baba Mkubwa mwaka 1968. Matanga yalikaa bila maiti, picha yake moja ikiwa mezani, na wanawake walilala chini kama desturi inavyotaka. Mwaka 1985 mwanawe, ambaye hakuwahi kumwona baba yake, alipata mtoto wa kiume, na wazee wakasema huyu ndiye. Aliyekuwa akitwanga sombe uani alikuwa mjukuu wake mwenyewe.

Shangazi alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Ni miye, yaya," mgeni akasema. "Narudia."

Shangazi alimtazama kwa muda mrefu, akachomeka mwiko majivuni, kisha akasema maneno ambayo familia yetu imeyarudia miaka mingi: "Sisi tulikwisha kukulilia."

Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi Lubumbashi. Nilifika baada ya wiki mbili, na likizo zangu zote za miaka iliyofuata nilizimalizia katika ule ua. Nimeandika juu ya mambo mengi tangu hapo, na hili nimekuwa nikiliahirisha. Naliandika sasa kwa sababu nyumba ileile inamngoja mtu mwingine.

Asiyekuwa wa Katanga atauliza mtu anawezaje kupotea vitani miaka 34, na ni vita gani hivyo. Vilikuwa vingi, kimoja kikimkabidhi kwa kingine.

Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja baada ya Kongo kupata uhuru, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Nchi mpya ilitaka jeshi. Maafisa wa Kibelgiji na mamluki wakaunda jandarmeri ya Katanga, na vijana wakachukuliwa vijijini na kwenye makambi ya wafanyakazi wa migodi. Bendera yao ilikuwa na misalaba mitatu ya shaba, ile ambayo mababu zetu walikuwa wakiitumia kama fedha. Baba Mkubwa alijiandikisha mwaka 1961 akiwa na miaka kumi na saba. Bibi aliwahi kuniambia kwamba kilichomvuta ni viatu.

Mwisho wa 1962 majeshi ya Umoja wa Mataifa yalianza kusonga mbele. Tarehe 3 Januari 1963 askari wa Kihindi waliingia Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, na tarehe 21 mwezi huohuo Umoja wa Mataifa ukaingia Kolwezi. Katanga ya Tshombe ikaisha. Majandarme walikuwa wamerudi nyuma kuelekea magharibi, na wengi, badala ya kusalimisha silaha, walivuka kwenda Angola. Baba Mkubwa alipita karibu na kwao usiku. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minne. Alisimulia jambo hili mara moja tu mbele yangu, akaishia hapo: lori halikusimama.

Mwaka 1964 Tshombe alirudi kutoka uhamishoni akawa waziri mkuu, akawaita watu wake wapigane na waasi wa Simba huko mashariki. Mobutu alipoitwaa nchi Novemba 1965, majandarme hawakuwa na mwenyewe tena. Waliasi Kisangani Julai 1966, wakaasi tena Julai 1967 pamoja na mamluki wa Jean Schramme, wakaishika Bukavu mpaka Novemba, kisha wakakimbilia Rwanda. Waliorudishwa Kongo kwa ahadi ya msamaha, wengi wao hawakuonekana tena. Na mwaka uliofuata Pierre Mulele, aliyeongoza uasi wa Kwilu, alirudi kutoka Brazzaville kwa ahadi ya namna hiyohiyo, akauawa Oktoba 1968. Habari za Kisangani na Bukavu zilifika Kambove kwa minong'ono, na katika minong'ono hiyo ukoo uliamua kulia matanga.

Naye Baba Mkubwa alikuwa hai, ng'ambo ya mpaka, Angola. Wareno waliwatumia majandarme kupigana na wapigania uhuru wa Angola, na mwaka 1968 Nathanaël Mbumba akawaunganisha katika chama walichokiita FNLC. Angola ilipoelekea uhuru wake mwaka 1975 wakawa upande wa MPLA, chama kimojawapo cha wapigania uhuru haohao. Tarehe 8 Machi 1977 walivuka kuingia Katanga, iliyokuwa ikiitwa Shaba, katika vita ambavyo watu wazima wa kwetu bado wanaviita vya siku themanini. Mei 1978 walirudi tena. Tarehe 13 waliingia Kolwezi, tarehe 19 askari wa miamvuli wa Ufaransa wakashuka, na kati ya tarehe hizo mbili na baada yake mamia ya watu waliuawa, weusi na weupe. Hivyo ndivyo vita vya siku sita. Kutoka Kolwezi mpaka Kambove ni safari ya chini ya kilomita 200. Alifika karibu hivyo, mikono yake ikiwa na bunduki, akarudi tena porini Angola.

Kufikia 1997, Laurent-Désiré Kabila alipokuwa akiishusha serikali ya Mobutu, Angola iliwatuma askari hawa kumsaidia. Waliitwa Tigre, simbamarara. Wengi walikuwa watoto waliozaliwa uhamishoni. Baba Mkubwa alikuwa na miaka 53 na mvi. Kinshasa ilianguka tarehe 17 Mei, na miezi minne baadaye lori la makala likamshusha kando ya reli.

Watafiti wawili, Erik Kennes na Miles Larmer, walitoa kitabu juu ya majandarme hao mwaka 2016, na katika jina lake wamewaita watu wanaopigana ili warudi kwao. Nilipoliona jina hilo nililia. Ndivyo ilivyokuwa. Kila mkubwa aliyewatuma vitani, tangu Tshombe mpaka Kabila, aliwaahidi kwamba njia ya nyumbani inapita kwenye vita kimoja zaidi.

Usiku wa kwanza Shangazi alimpa chumba chenye kitanda. Asubuhi alimkuta sakafuni, mgongo ukutani, uso umeelekea mlangoni. Akakisukuma kitanda karibu na dirisha akidhani anataka hewa. Ikawa mbaya zaidi. Mpaka alipokufa hakuwahi kukaa mahali ambapo mlango ulikuwa nyuma yake, hata kanisani. Alikula kichwa chini, mkono wa kushoto umeizunguka sahani, bukari, ugali wetu, akiimega vipande vikubwa na kuimeza kama mtu anayesikia filimbi ya kuondoka. Watoto walicheka siku ya kwanza. Siku ya pili hawakucheka.

Usingizini alisema Kireno. Nyumba nzima haikujua Kireno. Kulikuwa na neno moja lililorudi kila usiku, água, na mvulana aliyekuwa majina wake aliamini ni jina la mtu, labda mwanamke aliyeachwa Angola. Alikaa na siri hiyo miezi mingi, akiogopa kumkosea bibi yake. Kisha mfanyabiashara mmoja kutoka Dilolo, mpakani, akamwambia kwamba ni maji. Tangu usiku ule mvulana aliweka kikombe cha maji kando ya mkeka. Hakuna aliyemtuma.

Kambove ni mji wa baruti. Reli ilifika hapa mwaka 1913 kwa ajili ya shaba, na tangu wakati huo watu wamezaliwa na kuzikwa kwa mlio wa mwamba unaopasuliwa. Zamani mlipuko ulikuwa na saa yake. Akina mama waliondoa sahani kwenye rafu, watoto walihesabu. Lakini mwaka 1997 Gécamines, kampuni ya migodi, ilikuwa taabani, mishahara ilipita miezi bila kutoka, na mlipuko ulilia siku ambayo baruti ilipatikana. Kwa mtu kama yeye hilo ndilo lililokuwa baya. Angeweza kuizoea saa, kutojua hakuzoeleki.

Nilishuhudia mara moja kwa macho yangu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, akichonga mpini wa jembe. Ardhi ilitikisika kwanza, ukaisikia miguuni, ndipo sauti ikaja. Nilipogeuka kigoda kilikuwa kitupu. Alikuwa chini ya ukuta wa jikoni, kifudifudi, viganja vimefunika kisogo, mdomo wazi. Baadaye nilijifunza kwamba mdomo wazi ni mafunzo ya askari, ili hewa ya mlipuko isipasue masikio. Kando yake, kifudifudi vilevile, viganja kisogoni vilevile, alikuwa amelala yule mvulana. Hakumshika, hakumwita. Alilala tu. Vumbi lilipotulia waliinuka pamoja, wakajikung'uta, mzee akaokota kisu chake.

Nilimwuliza mvulana nani amemfundisha. "Nikibaki nimesimama ananivuta kwa nguvu," akasema. "Nikilala, anatulia."

Sitaki msomaji afikiri ilikuwa nyumba ya upole. Asubuhi moja Shangazi alimgusa bega kumwamsha akajikuta ameshikwa koo, na kidole gumba cha mdogo wake kiko mahali panapoua. Alama zilikaa wiki nzima na Shangazi alivaa kitambaa shingoni, akiwaambia majirani ana mafua. Baada ya hapo walimwamsha kutoka mbali, kwa kuita. Lakini kuita jina gani? Ukiita jina lake, mvulana huitika. Basi nyumba nzima, mkewe pia, ikawa inamwita Majina. Alikunywa lutuku, pombe kali ya kienyeji. Alimpiga mwanawe, mwanamume wa miaka 34 mwenye watoto, mbele ya wake wa wenzake, kwa sababu alikuwa amefunga mlango kwa kishindo. Yule mwana alitoka nje, akasimama chini ya mwembe, na hakuingia tena katika ua ule kwa miaka miwili. Alikuwa amengoja kuonana na baba yake maisha yake yote.

Kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa ule. Kanisani walisema mapepo. Mganga alisema ni wale aliowaua, wamemfuata, kila mmoja anadai chake. Jirani alisema bulozi, uchawi wa Angola. Zahanati moja ilimpa vidonge vya usingizi na dawa ya malaria. Nikisema kweli, wa karibu zaidi na jambo lenyewe alikuwa mganga.

Madaktari wenyewe walichelewa. Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Uingereza lilipiga risasi askari wake 306 kwa utoro, woga na makosa ya namna hiyo, na wengi tunaamini leo walikuwa wagonjwa. Msamaha ulikuja mwaka 2006, baada ya miaka tisini. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliuandika rasmi ugonjwa huu katika orodha yake mwaka 1980, baada ya askari kurudi kutoka Vietnam na kukataa kunyamaza. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna neno kiwewe, neno zuri la zamani, ila tumezoea kulitumia kwa mshtuko wa dakika moja. Kiwewe cha askari hukaa. Kumbukumbu ya kawaida ina tarehe na mahali: ilikuwa Kisangani, ilikuwa mwaka 1964, ilikwisha. Kumbukumbu ya kiwewe imepoteza tarehe na mahali, imebaki na sauti, harufu na jasho. Mwamba ukipasuka Kambove mwili haujui kwamba ni mwamba, wala kwamba ni mwaka mwingine. Yeye hakuwa akikumbuka vita. Alikuwa humo.

Mwendo mfupi tu kutoka ua ule, Likasi, kuna hadithi nyingine ya askari waliorudi kwao, na nimekuwa nikiziweka mbili hizi kando kwa kando miaka mingi. Septemba 1961 kikosi cha Waairishi wa Umoja wa Mataifa, watu 150 na kidogo, chini ya Kamanda Pat Quinlan, kilipelekwa Jadotville kuwalinda wazungu wa mji. Tarehe 13, wengi wao wakiwa kwenye misa iliyofanyika nje, majandarme wa Katanga na mamluki waliwashambulia, wengi kuwazidi mara nyingi. Walipigana siku tano. Msaada ulikwama kwenye daraja la Lufira. Tarehe 17, maji na risasi zimekwisha, walisalimu amri. Hakuna hata mmoja wao aliyekufa. Walishikwa mateka karibu mwezi mmoja, wakaachiwa, wakarudi Ireland.

Huko nyumbani walipokewa kwa aibu. Walikuwa askari waliosalimu amri, na jina la Jadotville likawa tusi kambini. Quinlan alipendekeza watu wake zaidi ya thelathini wapewe nishani. Hakupewa hata mmoja. Wengine walizama katika ulevi, wengine walijiua, na wake zao wakabaki wakilijua neno Jadotville kama jina la kitu kinachokaa chumbani. Quinlan alikufa mwaka 1997, mwaka uleule Baba Mkubwa alioshuka kwenye lori. Mwaka 2004 uchunguzi uliwasafisha. Mwaka 2016 ilitoka filamu, na tarehe 2 Desemba 2017, mjini Athlone, walionusurika walivishwa nishani yenye jina la Jadotville, wazee pamoja na jamaa za waliokwishakufa.

Nawafurahia kwa moyo wangu wote. Na kila ninapoitazama picha ya siku ile nawafikiria vijana waliokuwa upande wa pili wa ile mitaro, wenye viatu vipya, wa Kambove na Kipushi na Dilolo. Wengi wao walikufa pale Likasi. Hakuna aliyewahesabu sawasawa. Waliobaki waliendelea kupigwa na dunia miaka 36 zaidi, na waliporudi hakukuwa na uchunguzi wa kuwasafisha wala wa kuwashtaki, na katika vita vile, hasa Kolwezi, kulikuwa na mambo ya kushtakiwa. Hawakuulizwa kitu. Yule asiyeulizwa kitu hawezi hata kuungama.

Serikali yetu haijakosa mipango. Kuanzia 2004 kulikuwa na mpango wa kitaifa wa kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya kiraia: dola 110 mtu anapotoka, kisha dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Hapa Katanga shirika la PAREC la mchungaji Daniel Ngoy Mulunda lilibadilisha bunduki kwa baiskeli, na nimeziona baiskeli hizo zikibeba makala barabarani Mitwaba. Zilisaidia, bunduki iliyoyeyushwa haiui. Mwaka 2014 ikajulikana kwamba katika kambi ya Kotakoli, kaskazini-magharibi, watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa kwa njaa na magonjwa, wapiganaji waliosalimisha silaha pamoja na wake na watoto wao. Mwaka 2021 ukaundwa mpango mwingine, wenye jina refu zaidi. Katika yote hii anayehesabiwa ni mwanamume na silaha yake. Sijaona karatasi ya kumwuliza mkewe: analala wapi? Unamwamsha vipi? Watoto wamejifunza nini?

Mkewe, Mama Mkubwa wetu, aliulizwa na wazee tu. Baada ya matanga ya 1968 alikuwa ameolewa na mtu wa reli, akazaa naye watatu, akafiwa naye mwaka 1990. Mume wa kwanza aliporudi hakuwa na wajibu wowote. Kila jioni kwa miezi minne alituma sahani iliyofunikwa, sombe na samaki, kupitia kwa mjukuu. Kisha akaja mwenyewe na mkeka wake. Nilimwuliza miaka mingi baadaye kwa nini. Alifikiri, akasema, "Nilikuwa na miaka kumi na minane aliponiaga. Nilitaka kujua walimfanya nini."

Na alijua, kidogo kidogo. Alikuwa mtu wa pekee ambaye Baba Mkubwa alimsimulia kwa kirefu, usiku, taa imezimwa, yeye akiwa ukutani na mkewe karibu na mlango ili mlango uwe na mtu. Hakumwambia asahau. Alimwuliza maswali ya kawaida ya mwanamke wa nyumbani: mlikula nini siku hiyo, mvua ilikuwa ikinyesha, aliyekuwa kando yako alitoka kijiji gani. Hakujua kwamba katika miaka hiyohiyo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walikuwa wakitengeneza tiba inayofanya jambo hilohilo, na baadaye waliitumia kwa wapiganaji wa zamani huko Goma. Mgonjwa hulaza kamba sakafuni, nayo ni maisha yake tangu kuzaliwa. Kwa kila jambo zuri huweka ua, kwa kila jambo baya jiwe. Kisha husimulia, jiwe kwa jiwe, kwa mpangilio, mpaka kila jiwe lirudi kwenye tarehe yake na mahali pake. Huko kaskazini mwa Uganda, Waacholi waliowapokea watoto waliotekwa na Joseph Kony huwakanyagisha yai bichi kabla ya kuingia nyumbani, na ukoo wote husimama kushuhudia. Ninachokipenda katika yai lile ni kwamba nyumba nayo inaahidi kitu.

Lubumbashi tuna kituo cha magonjwa ya akili cha Dr Joseph Guislain, cha Mabruda wa Upendo. Ni zaidi ya kilomita mia moja kutoka Kambove, na familia ya kawaida hufika huko ikiwa imekwishamaliza pesa kwa mitume na waganga. Sisi hatukufika. Naliandika hilo kama kosa letu.

Agosti 1998 vita vilirudi, na watu walipita wakiwatafuta askari wenye uzoefu. Mama Mkubwa alikutana nao uani, akasema mumewe alikufa mwaka 1968, waulize mtu yeyote Kambove, matanga yalifanyika hapa. Wakaondoka. Ndani, nyuma ya mlango, mzee alikuwa kifudifudi na mvulana kando yake.

Alikufa mwaka 2009, kitandani. Miaka yake mitatu ya mwisho alilala kitandani. Mwanawe alikuwa amerudi, na siku ya mazishi ndiye aliyebeba kichwa cha jeneza.

Yule mvulana ana miaka arobaini sasa na anafanya kazi mgodini. Mwanawe wa kwanza alizaliwa 2004. Novemba 2022 rais alipowaita vijana wajiunge na jeshi, kijana alikwenda, kwa miguu yake, kama babu wa baba yake. Alipelekwa Kivu Kaskazini. Tarehe 27 Januari 2025 Goma ilipoanguka simu yake ilinyamaza. Wiki tano. Nyumbani hakuna aliyetamka neno matanga. Tulikwisha kufanya kosa hilo. Kisha akapiga kutoka Kalemie, alikofika kwa boti. Sauti yake, baba yake aliniambia, ilikuwa ya mtu anayesoma.

Mwezi uliopita tulisikia atakuja kwa ruhusa. Nilipanda kwenda Kambove kusaidia matayarisho, na nikamkuta Mama Mkubwa, mwenye miaka themanini, katika chumba cha nyuma. Alikuwa amewaita vijana wawili wa jirani. Aliwaonyesha kwa fimbo yake: kitanda kitoke dirishani, kichwa kiende kwenye ukuta wa ndani, ili anayelala auone mlango. Walipomaliza alilala juu yake mwenyewe, akageuza shingo, akaangalia. Aliwaambia wasogeze kidogo tena. Kisha akamtuma mjukuu wake kwa fundi seremala aweke kipande cha mpira kwenye fremu, mlango usipige kishindo, na akaweka kikombe sakafuni, upande wa kulia.